Kufunga njia juu ya ugonjwa: tangu ndui ya wazee mpaka corona ya 2020 katika Lualaba

Katika vijitabu vya chama chetu tumezoea kuandika juu ya ndoa, juu ya kilio, juu ya kutawazwa kwa machifu na ufundi wa wazee wetu wa kuyeyusha shaba. Mara hii wasomaji wetu wapendwa watashangaa kuona tunaandika juu ya jambo la juzi, ambalo kila mmoja analo bado kichwani. Lakini tukiangalia vizuri, kufunga njia juu ya ugonjwa si kitu kilichokuja na ndege kutoka Kinshasa katika mwezi wa 3 wa 2020. Ni desturi ya zamani. Na ugomvi wake pia ni wa zamani.

Tuanze hapa Nzilo. Siku moja ya mwezi wa 4, ile mwaka 2020, kijana jirani yetu alirudi jioni na kitunga kimejaa samaki. Kazi yake ni kubeba samaki wa ziwa kwa kinga mpaka sokoni Kolwezi. Asubuhi alikuwa ameondoka mbele ya jua kutoka, lakini kwenye kizuizi cha njia walimrudisha. Wengine walipita, sababu walikuwa na kitu mfukoni. Yeye hakuwa nacho, kwa maana feza yake ilikuwa ni wale samaki. Mke wake aliwatia chumvi wale waliofaa, waliobaki wakatupwa. Kijana alipotuona akatuambia: "Mwalimu, ile corona miye siiyue. Njala njo ninaiyua." Hatukuwa na jibu, na ni lazima tukubali kwamba sisi wakati ule tulikuwa upande wa wale waliotaka njia zifungwe. Tutarudi kwa jambo hilo.

Wazee waliotulea kando ya Lualaba walitusimulia habari za ndui. Ndui ikitokea katika mji, walikata tawi la mti na kulilaza katika njia, na mgeni akiliona alijua kwamba hapa hakupitwi. Mgonjwa alijengewa kibanda ng'ambo ya kijito. Aliyemtunza alikuwa mtu aliyekwisha kuugua ndui na kupona, mwenye makovu usoni, sababu ilijulikana tangu zamani kwamba ndui haimshiki mtu mara mbili. Na chakula? Wanawake walipika bukari nyumbani, wakaipeleka mpaka mahali palipopatanwa, wakaiacha chini, wakarudi nyuma bila kuangaliana na yule mwenye makovu aliyekuja kuichukua. Babu mmoja alikuwa akirudia kila mara ile habari ya chungu kuliko habari ya ugonjwa wenyewe. Tulipokuwa watoto tulifikiri ni uzee tu. Leo tunafikiri alikuwa anatufundisha sheria: anayelaza tawi katika njia ndiye anayepeleka chungu.

Hatusemi kwamba zamani zilikuwa paradiso. Wazee walewale walitusimulia pia vibanda ambavyo chungu hakikufika, na wagonjwa walioitwa wachawi ili watu wapate sababu ya kuwakimbia. Desturi haifuatwi kila siku, ndiyo sababu inahitaji kurudiwa.

Jambo la pili la kutazama katika desturi ni bijila, ndiyo kusema makatazo. Kati ya Waluba, makatazo mazito kuliko yote hayakuwa ya mtu mdogo. Yalimfunga mfalme mwenyewe. Yeye hakuweza kula mbele ya watu. Alikula peke yake, kwa siri. Mtu wa kawaida angeweza kukaa barazani na kula bukari na wenzake bila shida. Kwa hiyo katika fikra za wazee, katazo lilianza juu na kushuka. Tuliweke hili moyoni, litatusaidia tukifika kwenye malori ya shaba.

Wakati wa Wabelgiji mambo yalipinduka. Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Élisabethville mwaka 1910, na kwa ile reli kulipita watu, mashini na magonjwa. Wakati huohuo kulikuwa ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na mbung'o. Ng'ambo ya pili ya Luapula, katika inchi ambayo leo tunaiita Zambia, utawala wa kampuni ya Waingereza ulihamisha miji kutoka ukingo wa mto karibu na mwaka 1910. Walikataza mitumbwi na uvuvi. Watu ambao maisha yao yote yalikuwa samaki waliambiwa waende kulima mbali na maji, katika udongo ambao hawakuujua. Walivua usiku kwa kujificha, wengine wakavuka kuja upande wa Kongo ambako sheria haikuwa kali sawa na kwao. Ruhusa ya kurudi mtoni ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1920 tu. Fikiri miaka kumi na zaidi bila mto! Madaktari hawakudanganya, mbung'o wa kweli walikuwa pale na watu walikuwa wanakufa. Lakini hakuna aliyepeleka chungu.

Kisha mafua makubwa ya 1918. Katanga yaliingia kwa njia ya reli, kutoka kusini, katika miezi ya mwisho ya ile mwaka. Katika makambi ya wafanyakazi, ambako watu walilala wamebanana, yalipata chakula tayari. Treni haikusimama. Na katika Élisabethville kati ya mji wa Wazungu na mji wa watu weusi kuliachwa uwanja mtupu, eti kwa sababu ya malaria, mbu asiweze kuruka kutoka kwa boi kwenda kwa bwana wake. Mchana lakini boi mwenyewe alivuka ule uwanja kwenda kupika na kufua. Mbu alikatazwa, kazi haikukatazwa.

Hapa tunapenda kusimama kidogo juu ya neno posho. Wazee wa Kolwezi waliozaliwa katika makambi ya Union Minière wanalikumbuka na midomo yao inatabasamu: unga, maharagi, mafuta, samaki wa kukauka, kila juma kwa foleni. Kampi ilikuwa na sheria ngumu, na kiongozi wa kampi alijua nani amelala wapi. Lakini kampuni iliyomfunga mtu ilijua kwamba inapaswa kumlisha, yeye na mke wake na watoto. Si kwa huruma. Miaka ya kwanza wafanyakazi walikufa wengi mno, kuwatafuta wengine mbali ilikuwa gharama, ndiyo sababu mnamo 1928 kampuni iligeuza siasa yake, ikataka mfanyakazi akae na jamaa yake miaka mingi. Ni hesabu ya mfanyabiashara. Hata hivyo ndani ya ile hesabu chungu kilikuwemo. Watu wa Nzilo wanaelewa vizuri, sababu hata barrage yetu, iliyomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuitwa wakati ule Delcommune, ilijengwa na mikono ya watu wa posho.

Gécamines, iliyorithi Union Minière kisha 1967, iliendelea na desturi hiyo mpaka ilipoanguka. Tunajua wote ile habari: mgodi wa Kamoto ulibomoka 1990, mishahara ikakatika miezi na miezi, na 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakaondolewa kwa ile tuliyoambiwa ni kuondoka kwa hiari. Tangu siku hiyo watu wengi wa Kolwezi hawana anayewapa posho. Kila mmoja anatafuta ya leo leo: katika carrière, sokoni, kwa kinga, ziwani. Ukimfunga mtu kama huyo kwa siku mbili, siku ya tatu hana kitu. Ndipo corona ikatukuta.

Tukumbushe tarehe, sababu watu wameanza kuzichanganya. Mgonjwa wa kwanza alijulikana Kinshasa 10/3/2020. Tarehe 18 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa masomo, makanisa, na mabaa. Akakataza pia kilio katika nyumba na sale, maiti zitoke moja kwa moja morgue mpaka makaburini. Tarehe 23 gavana wa Haut-Katanga, Jacques Kyabula, alifunga Lubumbashi kwa masaa 48. Siku iliyofuata Rais akatangaza hali ya hatari katika inchi nzima na kuitenga Kinshasa na majimbo mengine. Mwezi wa 4 komini ya Gombe ikafungwa. Hali ya hatari iliongezwa mara nyingi, siku 15 kwa 15, mpaka ikaondolewa katika mwezi wa 7.

Huko juu wakubwa waligombana, lakini tuangalie waligombana juu ya nini. Katiba inasema nini: Rais anaweza kutangaza peke yake, ao anahitaji ruhusa ya Baraza na Senati zikikaa pamoja? Alexis Thambwe Mwamba, prezida wa Senati, na Jeanine Mabunda wa Baraza la wadepite walitaka mkutano wa mabaraza mawili. Jean-Marc Kabund, naibu wa Mabunda na mtu wa chama cha Rais, akasema mkutano huo ungekula zaidi ya dola milioni 7, na kwamba nyuma yake kuna mpango wa siasa. Tarehe 13/4 Korti ya Katiba ikasema tangazo la Rais linapatana na Katiba. Kabund mwenyewe akatolewa katika kiti chake 25/5. Kwa sisi waalimu wa historia na elimu ya uraia ulikuwa mjadala mzuri, na swali lenyewe ni la maana: nani ana haki ya kulaza tawi katika njia? Lakini tulisikiliza radio majuma mengi tukingojea wagombane pia juu ya swali la pili, lile la chungu. Dola milioni 7 tulizisikia. Meka ya unga hatukuisikia sana.

Na unga ulikuwa shida ya kweli. Feza yetu ilishuka: mwanzo wa mwaka dola moja ilikuwa karibu franga 1700, mwisho wa mwaka karibu 2000. Katanga nzima inategemea sana mahindi ya Zambia, na njia ya Zambia ni ileile ya malori ya shaba. Mwezi wa 5 Zambia ilifunga kwa siku chache mpaka wake na Tanzania huko Nakonde, malori yakajipanga. Tanzania nayo ilikuwa imeshika njia yake: Rais John Magufuli alikataa kuwafungia watu ndani, akasema kazi iendelee na watu wasali, na tangu mwisho wa mwezi wa 4 hesabu ya wagonjwa haikutangazwa tena, ikabaki 509 kwa zaidi ya mwaka mmoja. Madereva waliofika Kolwezi kutoka Dar es Salaam walisimulia masoko yaliyojaa watu. Wengi hapa walimsifu Magufuli. Sisi tuliogopa inchi isiyohesabu wafu wake. Bado tunaogopa. Lakini tunakiri kwamba yeye, tofauti na wengine, alisema wazi swali la chakula, hata kama jibu lake la kuficha hesabu hatulikubali.

Sasa tufike kwenye migodi, sababu hapo ndipo Lualaba ilikuwa na konfinema yake yenyewe. Makampuni mengi hayakusimamisha kazi. Yalifanya namna nyingine: yaliwaweka wafanyakazi ndani. Mfanyakazi aliambiwa alale kwenye kazi, asirudi nyumbani, kwa majuma, kisha kwa miezi. Shemeji yetu mmoja, hatutataja kampuni yake, alienda na begi ya nguo za majuma mawili na akarudi kisha siku zaidi ya 60. Kukataa kulikuwa na maana ya kupoteza kazi, na Kolwezi kila mtu anajua ni watu wangapi wanangojea kazi yako mbele ya mlango. Walilala wengi katika chumba kimoja, yeye alisema: "Ikiingia mumoja, tunakwisha bote." Bibi yake alikuwa akienda mpaka kwenye barriera na mtoto mgongoni ili baba amwone kwa mbali. Mwezi wa 6 mashirika ya haki ya watu, ya hapa Kongo na ya inje, pamoja na RAID ya Uingereza, yaliandikia makampuni 13 juu ya mambo hayo.

Upande wa makampuni walikuwa na la kusema: tumewalinda, tumewalipa, kama tungefunga kabisa jimbo lingekosa kodi na watu wangekosa mshahara. Ni kweli kwamba mshahara ulitoka. Shemeji yetu alipata, na kwa ule mshahara nyumba tatu zilikula, yetu ikiwa moja. Hatuwezi kuuma mkono huo kwa urahisi. Lakini tuangalie hesabu. Mwaka 2019 Kongo ilitoa shaba tani milioni 1,4 hivi. Mwaka 2020, mwaka wa hali ya hatari, ilitoa karibu milioni 1,6. Mwezi wa 3 bei ya dunia ilikuwa imeanguka chini ya dola 5000 kwa tani. Mwezi wa 5 wa 2021 ilipita 10 000. Kijana wa samaki alirudishwa kwenye kizuizi, lori la shaba lilipita. Katika desturi tungeuliza bijila ilimfunga nani.

Na wachimbaji wa mikono, wale tunaoita bakreza? Wao hawakufungiwa ndani na hawakulipwa. Huko Mutoshi, mahali ambapo watu wapata 5000 walichimba kwa mpango wa Chemaf na Trafigura, na kizio cha waya na vifaa vya kujikinga, kazi ilisimamishwa katika mwezi wa 3 kwa sababu ya corona. Watu wengine walifurahi: hatari imepungua. Lakini tumbo halisimamishwi. Wengi walikwenda kuchimba mahali pengine, pasipo na waya wala kofia, na kwenye depo bei ya mawe ilikuwa imeshuka. Ilikuwa tu mwaka mmoja kisha ile ajali ya 6/2019 karibu na Kolwezi, ambamo wachimbaji zaidi ya 40 walifunikwa na udongo katika eneo la KCC. Kwa kuwaepusha na ugonjwa tukawarudisha kwenye udongo.

Katika chumba cha waalimu wa masomo yetu, masomo yalipofunguliwa, tuligawanyika. Mwenzetu wa hesabu alisema Leta ilikosea tangu mwanzo. Alikuwa na hesabu yake: mwisho wa 2020 inchi nzima, yenye watu milioni zaidi ya 80, ilikuwa imehesabu wafu wa corona chini ya 600, wakati surua, kati ya 2019 na 2020, iliua watoto zaidi ya 7000, na majimbo ya Katanga ya zamani yaliipata vilevile. "Juu ya surua nani alifunga njia? Nani alitangaza hali ya hatari? Surua haisafiri kwa ndege, haiuwi wakubwa." Tulimjibu kwamba mwezi wa 3 hakuna aliyejua hesabu ya mwezi wa 12. Tulikuwa tumetoka kusikia Ebola ya Beni na Butembo, iliyoua watu 2287 na ilikuwa haijatangazwa kwisha. Tuliona kwenye televizyo malori ya jeshi ya Italia yakibeba majeneza usiku. Nani angesema tungojee tuone? Hospitali zetu tunazijua, oksijeni tunaijua. Kama ugonjwa ungetupiga sawa na kule Ulaya, huyo mwenzetu leo angeandika kwamba Leta ilichelewa.

Basi hatujabadili mawazo kuhusu juma la kwanza, ao hata mwezi wa kwanza. Tawi lilipaswa kulazwa. Tulichobadili ni hiki: tulifikiri kwamba ukishalaza tawi kazi yako imekwisha. Tulisema "bakae nyumbani" na sisi tulikuwa na mshahara wa Leta, mdogo, wa kuchelewa, lakini mshahara. Mwenzetu mmoja wa masomo ya binafsi, anayelipwa na feza ya wazazi peke yake, alikaa tangu 3/2020 mpaka 10/2020 bila franga. Aliuza mashini ya kushona ya bibi yake, kisha kinga, kisha akaanza kwenda shimo. Mwalimu wa kemia!

Kuna gharama nyingine ambayo haipimwi kwa unga. Baba mdogo wetu alikufa Likasi katika mwezi wa 5. Haikuwa corona, ilikuwa sukari, na hospitali iliandika hivyo. Walimtoa morgue mpaka makaburini, watu wachache, saa moja ikatosha. Sisi hatukwenda. Tuliweza kusema barabara ilikuwa na vizuizi, na ni kweli vilikuwepo, lakini ukweli wenyewe ni kwamba tuliogopa, na tulikuwa na katazo la Leta la kujifunika nalo. Hakuna aliyelala inje kwenye moto pamoja na mama mdogo. Hakuna aliyegawa vitu vya marehemu mbele ya watu, watani hawakuja kufanya mizaha yao ili mjane acheke ndani ya machozi. Mwaka uliofuata tulienda na unga, mafuta na feza kidogo kumwomba msamaha. Alipokea vyote. Akatupikia. Wakati wa kuagana akasema: "Mwalikuwa na akili, batoto wangu. Miye nilikuwa na maiti." Tumeandika maneno hayo hapa kwa sababu wale wanaotunga makatazo hawakai na wajane, na sisi tunaotetea makatazo, ndugu zetu tulikaa mbali vilevile.

Masomo yalifungwa 19/3/2020. Mwezi wa 8 walirudi kwanza wale wa madarasa ya mwisho, wengine wote 12/10. Tarehe 18/12 yakafungwa tena, pamoja na katazo la kutembea usiku, yakafunguliwa 22/2/2021. Kulikuwa na masomo kwenye radio na televizyo. Nzilo iko kando ya centrale ya umeme, na usiku mwingi tulikaa bila umeme, tunacheka tu. Rejista ya darasa letu la tano ya mwezi wa 3 ilikuwa na majina 52. Mwezi wa 10 walijibu 41. Wasichana watatu walikuwa wameolewa, mmoja alikuwa amehama na wazazi. Wengine saba walikuwa shimoni, na tuliambiwa na ndugu zao bila haya, kama vile mtu anavyosema fulani amepata kazi.

Mmoja wa wale saba alikuwa mwanafunzi wetu bora katika historia. Yeye ndiye aliyetuuliza siku moja, tulipofundisha habari ya posho, kama mtu anayelishwa na bwana wake ni mtumwa ao mfanyakazi, na tulitumia saa nzima juu ya swali lake. Tulimwona tena mwanzo wa mwaka wa masomo 2023. Alikuja na mdogo wake, amevaa bote za mpira, udongo mwekundu mpaka magotini. Alitoa feza mfukoni, akalipa mwaka mzima wa mdogo wake mara moja, jambo ambalo wazazi wachache sana wanaweza. Tulimwambia kiti chake bado kipo, kuna masomo ya jioni, mitihani ya serikali mtu anaweza kuifanya akiwa peke yake. Alisikiliza kwa heshima, mikono nyuma, sawa na zamani. Kisha akamwangalia mdogo wake na kusema: "Huyu, Mwalimu, mukifunga tena, mumutume kwangu mbele ya kufunga. Nitamulisha." Akapanda kinga yake akaenda.